Fasihi ya kale ya Japani: usianze na Genji wala haiku, anza na tanka

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Mi ni mpenzi wa mashairi tangu shule, vina na mizani najua. Juzijuzi niliangalia katuni ya Kijapani ya vijana wanaoshindana kunyang'anyana kadi zenye mashairi, nikavutiwa sana, nikatafuta hadithi ya Genji kwa Kiingereza nikaishia sura ya pili, nimechoka. Haiku nazo nikisoma naona sentensi imekatwa katikati, sioni utamu wake. Nianzie wapi? Na je lazima nijifunze Kijapani? Hela niliyonayo ni ya kitabu kimoja tu kwa sasa."

Marahaba binti, na asante kwa swali. Umetaja vitu vitatu, kadi, Genji na haiku, kama vile havihusiani, kumbe vyote ni ukoo mmoja, tatizo we umeingia kwa wajukuu kabla hujamjua bibi. Genji, hiyo hadithi ndefu ya mambo ya kasri, ina mashairi karibu 800 ndani yake, watu wanatongozana kwa mashairi, wanaombana radhi kwa mashairi, wanaagana kwa mashairi, sasa kama hujajua hayo mashairi yanafanyaje kazi unabaki unaona watu wanatumiana vikaratasi visivyoeleweka. Na haiku, yale mashairi mafupi ya mizani 5, 7, 5, nayo imetoka kwenye mashairi hayohayo, ni kipande cha mbele kilichokuja kusimama chenyewe baadaye sana, kwa hiyo ulivyoona kimekatwa umeona sawasawa kabisa, kimekatwa kweli. Bibi mwenyewe anaitwa tanka, zamani walikuwa wanasema waka, na ndo pa kuanzia.

Tanka ni mizani 31, zimepangwa 5, 7, 5, 7, 7. Basi, hakuna vina. Hilo la vina litakusumbua mwanzoni maana sikio letu linasubiri kina kama mtu anavyosubiri mwenzake aitikie hodi, lakini vumilia, uzito wote umehamia kwenye mizani na kwenye picha.

Sasa kuna kitu ambacho nadhani hakuna aliyekwambia, nacho ndo sababu nasema anza kwa mdomo kabla ya macho. Kijapani kina irabu tano, a, e, i, o, u, karibu kabisa na zetu, na silabi zake karibu zote zinaishia kwenye irabu. Ile n inayosimama peke yake wanaihesabu mizani moja kamili, kama we unavyohesabu m ya mtu au mtoto, kwa hiyo Genji ni ge-n-ji, mizani tatu. Irabu ikiwa ndefu inahesabiwa mbili, Bashō ni ba-sho-o, kama unavyohesabu kaa kuwa ka-a. Msomaji Mwingereza anahangaika sana hapa, anataka kuweka mkazo, anameza irabu, mizani zinampotea. We unayo tayari kinywani. Tafuta shairi limeandikwa kwa herufi zetu, lisome kwa sauti, hesabu kwa vidole, alafu ndo uangalie maana yake.

Jaribu hili sasa hivi, usiogope:

Hisakata no
hikari nodokeki
haru no hi ni
shizugokoro naku
hana no chiruramu

Hesabu, utapata 5, 7, 5, 7, 7 bila hata moja kuzidi. Ni la Ki no Tomonori, namba 33 kwenye kadi zako, na maana yake ni kama hivi: mwanga umetulia siku hii ya majira ya kuchipua, mbona basi maua yanapukutika kana kwamba moyo wao hautulii? Hayo maua ni ya mcheri, yanachanua siku chache tu alafu upepo unayabeba. Sikiliza h zinavyojirudia, hisakata, hikari, haru, hi, hana, ni kama mtu anapumua taratibu, yani shairi lenyewe limetulia wakati linalalamika kwamba maua hayatulii. Tafsiri yoyote, hata hiyo yangu hapo juu, hilo imelipoteza, we umelipata kwa sababu umesoma kwa mdomo.

Hizo kadi sasa. Diwani yenyewe inaitwa Hyakunin Isshu, washairi mia moja kila mmoja shairi moja, na aliyeikusanya ni Fujiwara no Teika, miaka ya 1230 hivi, mzee tayari, mshairi mkubwa kuliko wote wa enzi yake. Kati ya hao mia wanawake ni 21, na mashairi 43 ni ya mapenzi. Kwenye mchezo, msomaji ana kadi yenye shairi zima, na zile zilizotandazwa chini zina mistari miwili ya mwisho tu, zile 7 na 7, kwa hiyo anayelijua shairi kwa moyo anaruka na kadi kabla msomaji hajafika hata katikati. Kuna mashairi saba ambayo silabi ya kwanza hakuna shairi lingine linaanza nayo, mu, su, me, fu, sa, ho, se, kwa hiyo wachezaji wazuri wakisikia "mu" tu mkono umeshafika. Naipenda sana habari hii, mashairi ya miaka mia nane au elfu iliyopita watoto wanayajua kwa moyo kwa sababu ya mchezo wa mwaka mpya.

Usisome yote mia mfululizo, utachoka kama ulivyochoka na Genji. Chukua kumi tu ukae nayo. Ningekuchagulia lazima liwemo la 33 hilo, la 9 la Ono no Komachi, la 57 la Murasaki Shikibu na la 62 la Sei Shōnagon ili uwajue kabla hujasoma vitabu vyao, la 97 la Teika mwenyewe linalomsema mwanamke anayemsubiri asiyekuja huku moyo unaungua kama mwani unaochomwa ufukweni jioni upepo umekufa, maana zamani walikuwa wanapata chumvi hivyo, kwa mwani. Na soma la 40 na la 41 kwa pamoja. Hayo mawili yalipambanishwa kwenye mashindano ya mashairi kasri la mfalme mwaka 960, mada ilikuwa moja, mapenzi. Taira no Kanemori akaleta lake, nimelificha penzi langu lakini limenijaa usoni mpaka watu wananiuliza una nini, unawaza nini. Mibu no Tadami akaleta lake, nimeanza tu kupenda kimyakimya na tayari jina langu linazungumzwa. Mwamuzi akashindwa kabisa kuamua, akamtazama mfalme, mfalme akasikika akilirudia la Kanemori kwa sauti ya chini, basi Kanemori akapewa ushindi. Inasimuliwa kwamba Tadami alikufa kwa majonzi ya kushindwa, sio lazima uamini, ila inakuonyesha watu walivyokuwa wanalichukulia shairi. Soma yote mawili uamue mwenyewe, mi nampa Tadami.

Ukishazizoea hizo kumi rudi nyuma kwenye Kokinshū. Hii ndo diwani ya kwanza iliyoagizwa na mfalme, Mfalme Daigo, karibu mwaka 905, ina mashairi kama 1,100 kwenye juzuu 20. Uzuri wake hawakurundika tu, walipanga. Juzuu sita za mwanzo ni majira ya mwaka, unaanza siku ya kwanza ya kuchipua theluji ingali chini na unakwenda siku kwa siku mpaka mwaka unaisha. Juzuu tano ni mapenzi, nayo yamepangwa kama penzi linavyokwenda, kwanza unamsikia tu mtu kwa habari, alafu unamtamani, mnapatana, anaanza kupunguza kuja, haji tena. Washairi ni tofauti, ila ukisoma mfululizo unapata kama hadithi ya mtu mmoja. Ki no Tsurayuki, mmoja wa wakusanyaji, aliandika utangulizi ambao mpaka leo unanukuliwa, anasema mashairi ya Japani mbegu yake ni moyo wa mtu na yanamea yakawa majani elfu kumi ya maneno, na kwamba ukisikia ndege anaimba mauani na chura anayekaa majini, nani kati ya viumbe hai haimbi. Kumbuka huyo chura, nitamrudia.

Humo ndo utamkuta Komachi na shairi lake la ndoto:

Omoitsutsu
nureba ya hito no
mietsuramu
yume to shiriseba
samezaramashi o

Nililala nikimuwaza, ndo maana akanijia? Ningejua ni ndoto, nisingeamka. Hakuna cha kuongeza hapo, we mwenyewe unajua mashairi mangapi ya mapenzi yanazunguka beti kumi na hayafiki hapo.

Ukiona haya ya kasri yamekuwa laini mno, hariri na maua tu kila siku, kuna Man'yōshū ya karne ya 8, mashairi zaidi ya 4,500, na humo wamo mpaka askari wa kawaida. Vijana wa mikoa ya mashariki walikuwa wanapelekwa Kyushu kulinda pwani miaka mitatu, na mwaka 755 Ōtomo no Yakamochi akayakusanya mashairi yao. Mmoja anasema watoto wamenishika pindo la nguo wanalia, nimewaacha, na mama yao hawana. Humo yumo pia Yamanoue no Okura, huyu ofisa mtu mzima anayependa watoto wake waziwazi, anaaga kwenye karamu ya wakubwa anasema Okura sasa naondoka, watoto wanalia huko nyumbani na mama yao ananisubiri. Na lile lake maarufu, fedha na dhahabu na vito vya nini, hazina gani ipite mtoto. Okura nampenda sana, msome.

Sasa vitabu vya nathari, na hapa ndo nakushauri uweke hela yako. Kitabu cha kwanza kununua ni Makura no Sōshi, kile cha mto wa kulalia, cha Sei Shōnagon, kimeandikwa karibu mwaka 1000. Sio hadithi, huna haja ya kukumbuka nani ni nani, unafungua popote. Kinaanza kwa kusema majira ya kuchipua uzuri wake ni alfajiri, kiangazi ni usiku, vimulimuli wakiruka, majira ya majani kupukutika ni jioni, kunguru wakirudi kwenye viota watatu watatu wanne wanne, na baridi ni asubuhi na mapema. Alafu anaingia kwenye orodha zake. Mambo ya kuudhi: mgeni anayekuja una haraka zako akakaa anaongea tu, unywele ulioingia kwenye jiwe la kusagia wino, mbu anayekuja na kasauti kake usoni ndo kwanza usingizi unakuchukua, mbwa anayembwekea mpenzi wako aliyekuja kwa siri. Vilivyo mbali lakini viko karibu: peponi, safari ya jahazi, mwanamke na mwanaume. Miaka elfu imepita na mbu ni yuleyule.

Lakini nakuomba ukisome ukijua jambo moja, maana wengi wanamsoma kama mtu wa vichekesho na majivuno tu. Sei alikuwa anamtumikia Teishi, mke wa Mfalme Ichijō, malkia kijana msomi. Kuna siku theluji imeanguka nzito, Teishi akamuuliza tu, Sei, theluji ya kilele cha Xianglu ikoje? Sei hakujibu kitu, akanyanyuka akakunja pazia juu, kwa sababu mshairi wa Kichina Bai Juyi aliandika kwamba theluji ya kilele hicho anaitazama kwa kuinua pazia. Ndo walivyokuwa wanaishi hao. Ila baba yake Teishi alifariki 995, mwaka uliofuata kaka zake wakafukuzwa mji mkuu, nguvu zote zikahamia kwa ami yake Michinaga aliyemwingiza kasri binti yake mwenyewe Shōshi naye awe malkia, na Teishi akafa kwa uzazi mwishoni mwa mwaka 1000, hajafika hata miaka 25. Ndani ya kitabu Sei majonzi hayo karibu hayagusi. Anaandika siku za furaha, mavazi yalikuwaje, nani alicheka, malkia alisema nini. Ukishajua hilo, kila ukurasa wa furaha unausoma tofauti, unaona mtu amekaa anamjengea malkia wake makazi ambayo Michinaga hawezi kuyafikia.

Kitabu kingine ni kifupi, unakimaliza jioni moja, Hōjōki cha Kamo no Chōmei, mtawa wa Kibudha, mwaka 1212. Kinaanza na mto, maji hayakomi kutiririka lakini sio maji yaleyale. Alafu anakupitisha kwenye maafa aliyoyaona mwenyewe Kyoto, moto wa 1177, kimbunga cha 1180, mji mkuu kuhamishwa ghafla mwaka huohuo, njaa ya 1181 na 1182, tetemeko la 1185. Sehemu ya njaa isome ukiwa umekaa. Anasema mtawa mmoja alikuwa anapita akiwaandikia maiti herufi takatifu kwenye paji la uso ili wapate rehema, akahesabu kwa miezi miwili zaidi ya 42,300, na anasema wale waliopendana sana, yule mwenye mapenzi makubwa zaidi ndo alitangulia kufa, maana akipata chakula anampa mwenzie. Mwishoni anatuelezea kibanda chake huko mlimani, upande mmoja kama mita tatu tu, na anaishi kwa amani humo, alafu anajiuliza kama kukipenda hicho kibanda nako sio kujifunga na dunia.

Genji. Kwanza usijilaumu, Wajapani wenyewe wana msemo, Suma-gaeri, maana yake kufika Suma ukageuka ukarudi, kwa wale wanaoanza Genji wakaishia sura ya 12 inayoitwa Suma, na kitabu kina sura 54. Murasaki Shikibu aliiandika mwanzoni mwa karne ya 11, alikuwa anamtumikia huyo Shōshi, yani kambi ya upande wa pili na Sei, na kwenye shajara yake anamsema Sei kwamba anajiona sana na anatapanya Kichina chake kila mahali. Ulikoishia, sura ya 2, ni wanaume wanapiga soga usiku wa mvua kuhusu aina za wanawake, ni ndefu na kama bado hujawapenda wahusika inachosha kweli. Fanya hivi, soma ya 1, ruka, nenda ya 4, ya Yūgao, mwanamke wa mtaa wa kawaida anayefia mikononi mwa Genji kwenye nyumba tupu usiku, ukimaliza hiyo hutaki kuacha. Alafu ya 5, ya 9 yenye ugomvi wa magari ya ng'ombe na roho ya mwanamke aliyedhalilishwa inayotoka mwilini ikamwendee mwenzie, alafu ya 40. Ukitoka hapo utarudi mwenyewe kusoma ulizoruka.

Mambo mawili yatakusaidia. La kwanza, watu hawatajwi kwa majina bali kwa vyeo, na cheo kikipanda mtu anabadilika jina, kwa hiyo weka karatasi ya majina. La pili, mwanamke wa enzi hizo hakuonekana ovyo, mwanaume anamjua kwa mwandiko wake, rangi ya karatasi, kijiti cha maua kilichofungwa na barua, na hilo shairi lenyewe la mizani 31. Anakuja usiku, anaondoka kabla hapajapambazuka, na asubuhi hiyohiyo lazima alete shairi, likichelewa ni tusi. Ndo maana nikasema tanka kwanza, wahusika wote wa Genji wanapimana kwa jinsi shairi lilivyojibiwa.

Na nikwambie kabla hujakutana nalo, Genji sio mtu wa kumtetea. Sura ya 5 anamchukua mtoto wa kike wa miaka kama kumi akamlee awe mke wake, na ni kumteka kweli, baba yake hajui. Kuna wasomaji wanalipitia haraka eti ni mambo ya zamani. Murasaki hakulipitia haraka, alimwandika huyo mtoto mpaka utu uzima wake na uchungu wake wote, na sura ya 40 anapokufa ndo unajua mwandishi alikuwa upande wa nani muda wote. Genji mwenyewe anafia kati ya sura ya 41 na 42 bila kuelezwa, na sura kumi za mwisho ni kizazi kingine kabisa, kwa maoni yangu ndo nzuri kuliko zote.

Haiku sasa, nimeiacha huku makusudi. Watu walianza kuitunga tanka kwa kushirikiana, mmoja anatoa 5, 7, 5, mwingine anajibu 7, 7, wa tatu anadaka hapo anatoa 5, 7, 5 nyingine, mpaka beti mia. Mwaka 1488 Sōgi na wanafunzi wake wawili walitunga beti mia za namna hiyo huko Minase ambazo mpaka leo ndo kipimo. Ubeti wa kwanza, hokku, lazima ubebe majira ya mwaka na uweze kusimama, maana ndo unafungua kikao. Matsuo Bashō, aliyezaliwa 1644 akafa 1694, akaipa hokku uzito mpaka ikatosha yenyewe, na jina la haiku lilikuja kuenea baadaye kabisa kwa kazi ya Masaoka Shiki mwishoni mwa karne ya 19.

Sasa yule chura. Hii ni ya mwaka 1686:

Furuike ya
kawazu tobikomu
mizu no oto

Bwawa kuukuu, chura ajitosa, mlio wa maji. Ukiisoma bila historia, kweli, kuna nini hapo. Lakini kwa zaidi ya miaka 700 chura kwenye mashairi kazi yake ilikuwa moja, kuimba. Tsurayuki kamsifu kwa kuimba, mashairi ya Kokinshū yamemweka kwenye maji safi ya Ide akilia karibu na maua ya manjano ya yamabuki, kila msomaji anasubiri sauti yake. Bashō anakupa chura, haimbi. Anaruka. Na sauti unayoipata sio yake, ni ya maji, tena sio mto wa Ide, ni bwawa kuukuu ambalo hakuna aliyekuwa analiangalia. Shairi zima limeinama mahali ambapo sauti ya zamani ilitakiwa kuwepo. Kwa hiyo haiku haikukatwa hovyo, imekatwa ikitegemea kwamba we unazo zile karne saba kichwani, na kwa sasa bado huna, ndo maana umeona pengo. Zikiingia hata kidogo utasikia.

Hivyohivyo na ile ya Hiraizumi. Mwaka 1689 Bashō na mwenzake Sora walitembea miezi karibu mitano kaskazini mwa Japani, Bashō akafika hapo Hiraizumi, mahali ambapo shujaa Yoshitsune alikufa miaka 500 kamili kabla yake, kumeota majani tu, akakaa juu ya kofia yake akalia:

Natsukusa ya
tsuwamonodomo ga
yume no ato

Majani ya kiangazi, yaliyosalia ya ndoto za wapiganaji. We uliyesoma Al-Inkishafi ukaona popo na makinda kwenye majumba ya Pate, hiyo huhitaji kufafanuliwa na mtu.

Alafu Kobayashi Issa. Binti yake Sato, bado mdogo sana, alikufa kwa ndui mwaka 1819. Mafundisho ya Kibudha yanasema dunia ni umande, na Issa analijua hilo, akaandika: dunia ya umande ni dunia ya umande, lakini hata hivyo. Tsuyu no yo wa, tsuyu no yo nagara, sarinagara. Mi siwezi kuifundisha hiyo bila kunyamaza kidogo.

Kuhusu Heike, usimulizi mrefu wa vita vya koo mbili vilivyoisha baharini Dan-no-ura mwaka 1185, huo achia mbele kidogo. Ulikuwa unaimbwa na vipofu wakipiga biwa, chombo cha nyuzi cha ukoo mmoja na udi wa taarab, kwa hiyo kabla ya kuusoma tafuta rekodi uusikilize, hata kama huelewi neno, alafu ndo usome.

Kijapani sio lazima. Hata ukijifunza cha leo, hiki cha kale sarufi yake ni nyingine, wanafunzi wa Japani wenyewe wanafundishwa kama somo na wanakilalamikia. Ila hiragana jifunze, ni herufi 46, hazichukui muda, na zinalipa maana ndo mwandiko ambao Murasaki na Sei waliutumia wakati wanaume wanajivunia Kichina, na zile kadi za kunyang'anyana zimeandikwa kwa hiragana tupu. Na jaribu kutunga za kwako kwa Kiswahili, ndo njia ya haraka ya kujua 7, 7 ya mwisho inafanya kazi gani. Mfano nimetunga hii:

Kahawa yako
imepoa mezani,
sijaitoa,
nikiitoa leo
kesho nitoe nini

Angalia ilivyogeuka mstari wa nne. Mistari mitatu ya juu ni kitu kinachoonekana kwa macho, miwili ya chini ni moyo unakijibu. Tanka nyingi zinakwenda hivyo, na ukitunga tano sita utaanza kuliona geuko hilo kwa Komachi na Tomonori bila kuonyeshwa.

Kitabu kimoja basi: mnunue Sei Shōnagon, tafsiri ya Meredith McKinney ya 2006, ina maelezo ya kutosha nyuma kuhusu kasri na watu wake, ukiipata ya Ivan Morris ya 1967 kwa mtumba nayo ni nzuri. Za kadi usinunue kwa sasa, kuna tafsiri ya William Porter ya 1909 ambayo haina hakimiliki tena, ipo intaneti bure, Kiingereza chake kimelazimishiwa vina kwa hiyo usikitilie maanani sana, faida yake ni kwamba Kijapani kimeandikwa kwa herufi zetu pembeni ya kila shairi, na hicho ndo unachokihitaji. Hela nyingine ikipatikana, Genji ya Royall Tyler ya 2001, kila sura inaanza na orodha ya wahusika na vyeo vyao. Ya Arthur Waley ya miaka ya 1920 na 1930 ina Kiingereza kizuri mno ila aliruka sehemu, sura ya 38 hakuifasiri kabisa, hiyo uisome baadaye kwa raha tu.